Lambo Lililotengwa

Chubwi!

Mmeisikia? Ilikuwa sauti moja tu, katikati ya usiku, kisha kimya. Mbwa wa kijiji walisimamisha masikio wakaingoja irudi. Haikurudi.

Songeni karibu na moto niwaambie ilikotoka. Sayi, acha kuchokonoa kaa hilo, litakuchoma. Haya. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa katoka wapi?

Mbali!

Kabeba nini?

Maneno!

Basi tumpokee mzigo taratibu, usije ukamwagika. Hapo kale, mawe ya mlimani yakingali laini, palikuwa na kijiji chini ya vilima. Nyuma ya vilima palikuwa na Ziwa. Mbele ya vilima, juu kidogo ya kijiji, palikuwa na Lambo.

Ziwa halikuchimbwa na mtu. Liliamka siku moja likajikuta lipo, lina matete, lina ndege, lina viboko.

Lambo lilichimbwa. Mababu na mabibi wa watu wale walilichimba kwa majembe, kwa sababu kila masika maji yalishuka kutoka vilimani kwa hasira yakabeba vifaranga, yakabeba vyungu, yakabeba nyumba. Wakasema, “Maji haya yana haraka kwa sababu hayana pa kukaa. Tuyachimbie mahali pa kupumzika.” Wakachimba shimo pana. Udongo wakaujenga tuta. Pembeni, kwenye mwamba, wakachonga mfereji, ili maji yakizidi yatoroke polepole yasipande juu ya tuta na kulikata. Mfereji huo wakauita utoro.

Tangu hapo maji yalipofika kutoka mlimani yakipiga kelele, Lambo liliyaambia, “Kaeni.” Yakakaa. Tope lililala chini, maji yakatulia juu. Ng’ombe walikunywa. Visima vya bondeni vilipata jasho lake. Na kila mwaka, kabla ya masika, ngoma ililia, watu wote wakapanda na majembe kuzoa tope lililolala. Walipomaliza waliliambia, “Pumua, Lambo.” Nalo likapumua.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi msichana jina lake Doto.

“Doto ni pacha!”

Ndiyo. Kwa watu wale, pacha anayetangulia kuzaliwa ana jina lake, na anayefuata huitwa Doto.

“Anayetangulia huitwa Ku…”

Nyamaza! Funika mdomo. Katika hadithi hii jina hilo limefungwa, na mimi si mtu wa kulifungua. Tutamwita wa kwanza.

Wa kwanza na Doto walikuwa wasichana wenye uso mmoja. Mama yao, Minza, alikuwa akiwatambua kwa vicheko, kwa sababu wa kwanza alicheka kwa sauti na Doto alicheka kwa mabega. Na desturi ya pale ilikuwa kwamba pacha hawaitwi mmojammoja. Ukimtaka mmoja, unawaita wote wawili, na unaanza na aliyetangulia. Kwa hiyo tangu wazaliwe, majina yao yalitembea pamoja kama macho.

Siku moja ya mavuno, jua likiwaka, wa kwanza alikwenda Lamboni peke yake na kibuyu. Hakurudi.

Kwa watu wale, mkosaji mkubwa hakupigwa. Alitengwa. Hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala chumvi. Aliyekosewa ndiye aliyefunga, na aliyekosewa ndiye aliyefungua. Alifunga kwa kulificha jina la alichopoteza. Alifungua kwa kulitamka mbele ya watu. Na mpaka atakapolitamka, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitaja.

Minza alisimama mbele ya kijiji akasema, “Nimelitenga Lambo.” Akafunga mdomo.

Basi watu wakakata miiba, wakalizungushia Lambo ua. Pale njia ilipoingilia, waliburuta shina zima la mgunga, matawi yake na miiba yake, wakaliangusha liwe kufuli. Wakashuka bila kuliaga. Masika yakaja, yakaenda, mwaka baada ya mwaka. Ngoma haikulia. Hakuna aliyezoa tope, hakuna aliyesema pumua.

Na Doto je? Nani angemwita Doto, wakati jina lake linaanzia kwenye jina lililofungwa? Hakuna. Kuku walikuwa na mwito wao, mbuzi walikuwa na mwito wao. Doto aliitwa “We.” “We, leta kuni.” “We, fukuza ndege shambani.” Hata mama yake alimwita hivyo, tena bila kumtazama, kwa sababu akimtazama alikuwa anamwona mwingine.

Jioni, watoto wakikaa wawiliwawili kula, Doto alikaa na kivuli chake.

*

Asubuhi baada ya ile sauti, kisimani maneno yalikuwa mengi.

“Jirani, ulisikia usiku?”

“Nilisikia. Linaita.”

“Linataka mwingine!”

“Ee, toba! Leo wanangu nitawafunga kamba kama ndama.”

Lugembe alikuwepo. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji na mpiga ngoma wao, mtu wa kitambi na maneno. Akasema, “Mimi niliposikia chubwi nilidhani ni tumbo langu. Nikampa mke wangu lawama za ugali wa jana.”

Wanawake wakacheka. Doto alisimama nyuma na mtungi wake. Hakucheka. Moyoni aliwaza hivi: kama Lambo linaita, basi kuna kitu kimoja hapa kijijini kinachoita. Akautua mtungi, akapanda.

Alitambaa chini ya ua mpaka miiba ikamchora mgongo, akasimama juu ya tuta. Lambo lilikuwa limelala limefumba, kijani kibichi juu, kimya. Halikuwa na ndege hata mmoja.

“Umeamkaje, Lambo?” alisema Doto.

Kimya. Unajua sauti isiyotumika inavyoota kutu? Lambo lilijaribu, likashindwa, likajaribu tena. Mapovu yakapanda. Kisha likasema, polepole sana:

“Umerudi?”

Doto alitikisa kichwa. “Siye,” alisema. “Mimi ni wa pili.”

“Samahani. Uso ni mmoja.”

“Najua.”

Wakakaa hivyo, msichana na maji. Mwishowe Doto akauliza alichokuja nacho. “Jana usiku ulimwita nani?”

Lambo likaimba kwa sauti yake ya kutu:

“Chubwi! Si mtu, ni udongo.
Chubwi! Si mtu, ni udongo.
Tuta linakwisha, tope linajaa,
na wa kuniuliza hakuna.”

Imbeni na nyinyi.

“Chubwi! Si mtu, ni udongo. Chubwi! Si mtu, ni udongo. Tuta linakwisha, tope linajaa, na wa kuniuliza hakuna!”

Vema. Doto akatazama. Kweli, ukingoni bonge kubwa la tuta lilikuwa limemeguka na kuangukia majini, na jeraha lake lilikuwa bado bichi.

“Mbona ulimmeza mwenzangu?” aliuliza Doto. Alikuwa ameliweka swali hilo tumboni muda mrefu, likatoka likiwa la moto.

“Sikummeza. Nina kina tu. Alikuja na kibuyu, kikamponyoka kikaelea, naye akakifuata akicheka. Angekuwa Ziwani, maji yangemshika kifundo, kisha goti, kisha kiuno, akaogopa akarudi. Mimi sina kifundo, mtoto, sina goti. Mimi ni shimo la majembe. Hapa pana ukingo, na hapo mbele yake hapana chini. Kuta zangu ni mfinyanzi, zinateleza kama kambare. Na tope la chini likikamata mguu haliachii. Alishika ukingo, ukamtoka mkononi. Nilitaka kumwinua. Maji hayana mikono. Nilitoa mapovu, nikapiga kelele zangu zote. Watu walikuwa mashambani wanaimba.”

Doto alikaa chini.

“Nyinyi nani aliwaambia kwamba mimi si Ziwa?” liliuliza Lambo.

“Hakuna. Walituambia maji ni maji.”

“Mimi nilichimbwa nifanye kazi. Sikuchimbwa nichezewe. Hata sasa, sogea nyuma, umekaa karibu mno.”

Doto akasogea. Lambo likaendelea, “Tope limenijaa mpaka shingoni. Masika haya maji yakija nikayaambia kaeni, yatanijibu, tukae wapi? Yatapanda juu ya tuta. Yatalikata. Na nyumba ya kwanza bondeni ni ya nani?”

Nyumba ya kwanza bondeni ilikuwa ya Minza.

Doto alishuka mbio. Alimkuta mama yake kinuni.

“Mama, Lambo haliiti mtu. Ni tuta linameguka. Tope limejaa. Lifunguliwe, Mama. Sema tu lile jina, watu wapande.”

Minza aliinua mchi, akaushusha. “We, mtama haujatwangika.”

“Mama…”

“Mtama haujatwangika.” Tu! Tu! Tu! Mchi ukajibu badala yake.

*

Chubwi! Usiku mwingine, bonge jingine.

“Si mtu, ni udongo!”

Ninyi mnajua. Wao hawakujua. Kulipokucha, wanaume waliongeza miiba kwenye ua.

Doto aliwaza, mama hasemi, watu hawasikii. Nitakwenda kwa mkubwa wa maji. Akafunga kiazi kwenye nguo, akavuka vilima peke yake mpaka upande wa pili.

Ziwa lilikuwa linang’aa mpaka macho yanauma. Ndege walikuwa wengi, kelele zao kama soko. Doto alifika ufukweni penye mchanga akasema, “Hodi!”

Kiboko akatoa pua. “Hodi ya nani? Mbona umekonda hivyo? Hata kuliwa hufai.”

“Nawe mbona umenenepa hivyo? Hata kukimbia hufai,” alijibu Doto.

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. “Ziwa! Njoo umwone huyu, ana mdomo!”

Ziwa likaja kwa wimbi dogo, likagusa vidole vya miguu yake, likarudi. Ndivyo Ziwa husalimu. “Sema, mjukuu.”

Mjukuu! Doto alitaka kulia kwa neno hilo tu. Akajizuia. Akasema, “Bibi Ziwa, Lambo letu limejaa tope. Masika yanakuja. Nakuomba, mwaka huu yapokee wewe maji ya mlimani. Una nafasi. Hutaona hata yamefika.”

Ziwa likavuta wimbi lake nyuma. “Ningeyapokea, mjukuu wangu. Lakini maji hayapandi mlima. Maji ya upande wenu ni ya upande wenu, na yakishuka yatapita njia yake ileile, Lambo liwepo lisiwepo. Mimi nilizaliwa. Lile liliajiriwa. Mimi hujitunza kwa matete yangu na mito yangu. Lile mlilichimba wenyewe, mkalipa kazi, na aliyeajiriwa akinyimwa hata jembe la kumsafisha, kazi atafanyaje?”

“Wanasema ni baya. Wanasema wewe ni mwema.”

“Mwema!” Ziwa likatikisika. “Kiboko, mweleze.”

“Mimi si mwema hata kidogo,” alisema kiboko.

“Umesikia. Nina viboko. Pale penye matete mazito nina shimo ambalo hata mimi sijui mwisho wake. Lakini watu wananijua. Kila mama huja hapa amemshika mwanawe mkono: hapa oga, hapo usikanyage, kiboko akipiga pua toka. Lambo, nani aliwahi kumshika mtoto mkono akamwonyesha? Walilichimba, wakalisifu, wakadhani kwa kuwa ni la kwao halina haja ya kuogopwa.”

Wimbi likaja tena, likakaa miguuni pake muda mrefu kidogo.

“Nenda kaangalie koo lake,” lilisema Ziwa. “Tope ni tatizo, lakini maji yaliyokosa koo ndiyo hutapika. Na ukilifikia, lisalimie. Liambie tangu lichimbwe nasikia kelele zake za kupumua upande ule wa mlima. Siku hizi sizisikii. Maji hayatembeleani, mjukuu. Tunasikilizana tu.”

Doto alirudi jioni akipita kwenye kivuli cha vilima. Nyumbani mama yake alikuwa kinuni.

“Mama, nimetoka Ziwani. Limesema…”

“Mtama haujatwangika.”

Doto akatazama ndani ya kinu. Mtama ulikuwa umekwisha kuwa unga, unga umekuwa vumbi, na mama bado alikuwa akitwanga.

*

Chubwi!

“Si mtu, ni udongo!”

Safari hii ililia alfajiri, na kabla mwangwi haujazima, mbingu juu ya vilima ikajibu kwa ngurumo. Mawingu yalikuwa yamekaa kule juu, meusi.

Doto alikimbilia kwenye utoro. Koo la Lambo! Akalitafuta, asilione. Palipokuwa na mfereji palikuwa na majani, tope, na miiba. Akafukua kwa mikono. Na chini ya majani akalikuta lile shina la mgunga, lile waliloliburuta liwe kufuli la kutenga. Lilikuwa limelala kwenye utoro kama mfupa kooni. Watu wale walitaka kuifunga njia ya kuingia, na njia ya kuingia ilipita palepale yanapotokea maji. Kila masika tope lilikuja likakutana na shina, likakaa. Walikuwa wamelinyonga wenyewe.

Alivuta, halikutikisika. Hilo lilikuwa shina la watu wengi.

Akamkimbilia Lugembe. Alimkuta anaingiza ngoma yake ndani isilowe.

“Baba Lugembe, mgunga umeziba utoro! Waite watu!”

Lugembe akakuna kitambi. “Binti, hata ningetaka. Lambo limetengwa. Nikipiga ngoma kwa aliyetengwa, na mimi nitatengwa, na mimi nikikosa watu wa kuongea nao siku moja tu nitapasuka. Anayefungua ni mama yako.”

Akamkimbilia mama. Safari hii Minza hakuwa kinuni. Alikuwa amekaa mlangoni, anatazama mawingu.

“Mama, sema jina lake.”

Minza hakutaja mtama. Alisema kwa sauti ndogo, “Unajua kwa nini silisemi? Mwili Lugembe aliutoa majini akanipa, nikauzika. Nguo zilichakaa. Kicheko chake nimeanza kukisahau. Kilichobaki ni jina, nimeliweka humu mdomoni. Nikilitoa litakwenda, na mimi nitabaki na nini?”

Doto angesema mengi. Angesema, utabaki na mimi. Lakini mtu aliyeitwa “We” muda mrefu hajui kama anahesabika. Akachukua jembe na kamba ya ng’ombe, akapanda.

Lambo lilimwona. “Rudi nyumbani.”

“Nyumbani ndipo maji yanapokwenda.”

“Basi nisikilize vizuri. Usikanyage maji yangu. Jifunge kamba kwenye jiwe lile la juu. Simama kwenye mwamba pembeni, usisimame ndani ya utoro. Anza kuchimba kule chini uje huku juu, ili bonge la mwisho likitoka maji yapite mbele yako yasikuchukue. Nikikwambia toka, toka.”

Doto akajifunga. Akachimba. Jembe likasema “Tu!”, akavuta tope. “Tu!”, akavuta tope. Mvua ikafika vilimani. Maji yakaanza kushuka yakipiga kelele, na Lambo likayaambia, “Kaeni!” Nayo yakauliza, “Tukae wapi?”

Yakaanza kupanda.

Bondeni watu walisikia mngurumo. Wakatoka, wakatazama juu, wakamwona mtu mdogo ukingoni mwa Lambo anachimba. Wote wakapanda, na majembe wakabeba, kwa kuwa mkono wa mkulima hubeba jembe bila kuulizwa. Lugembe alibeba ngoma, ameifunika ngozi isilowe. Walipofika kwenye ua wa miiba wakasimama. Lambo lilikuwa limetengwa. Hakuna mguu uliovuka.

“We! Toka huko!” walipiga kelele.

Doto alisikia “we.” Hilo halikuwa jina. Hilo lingeweza kuwa la mbuzi. Akaendelea kuchimba.

“Sasa toka!” lilisema Lambo. “Mwamba ni mzima, lakini tuta nyuma yako limepata ufa. Likikatika litakuchukua na kamba yako. Toka!”

“Shina bado limeziba.”

“Hulitoi peke yako!”

“Nani mwingine yupo?”

Minza alikuwa wa mwisho kufika. Watu wakampisha. Akauona ufa kwenye tuta, unatembea kama nyoka. Akauona mgongo wa mwanawe umelowa, na mkono unaoinua jembe. Na mabega, watoto. Aliona mabega yanatikisika, akadhani kwa kitambo kwamba anacheka, kwa sababu Doto hucheka kwa mabega. Hakuwa anacheka.

“Mwite!” alisema Lugembe. “Mama, mwite mwanao! Sisi tukimwita hasikii!”

“We…” alianza Minza, sauti ikamfia. Mvua ikaifunika.

Ili amwite Doto ilimpasa aanze na aliyetangulia. Hapakuwa na njia nyingine ya kulifikia jina hilo.

“Akamwita? Alisema?”

Subiri kidogo. Najua mnaogopa, na moto umepungua, kwa hiyo nitawaambia mwisho kwanza. Kijiji hakikuzama. Watu walivunja ua, wakashika shina la mgunga wote pamoja, ngoma ikilia kwenye mvua, wakaling’oa, na maji yakapita utoroni. Tuta liliumia lakini lilisimama. Doto walimvuta kwa kamba yake mwenyewe. Mvua ilipokwisha walizoa tope mpaka wakaufikia udongo wa mababu, wakasema, “Pumua, Lambo,” na upande wa pili wa mlima Ziwa likasikia. Kisha wakapanda ua mpya wa mimea hai, wenye mlango mmoja. Na kila mtoto wa pale alipoanza kutembea alishikwa mkono akapelekwa akaonyeshwa: hapa tunanyweshea, hapa hatukanyagi, hili si Ziwa, halina kifundo, halina goti, mwenzako akianguka humfuati, unatupa kamba na kupiga kelele.

Na ninyi mshike hilo. Maji ya kuzaliwa na maji ya kuchimbwa yote yana kazi, na yote yana hatari yake. Yaheshimuni, yajueni, yatunzeni. Kitu kinachowalinda msikitenge kwa sababu kimewaumiza, na mtu aliyebaki msimpoteze kwa kumlilia aliyekwenda.

Mzigo wangu wa leo nautua hapa, miguuni penu. Kimebaki kitu kimoja tu, na ndicho kilichofungua yote hayo. Minza alisimama mbele ya miiba, mvua ikimpiga usoni. Akafungua mdomo.

“Kulwa!” akaita. “Kulwa na Doto! Wanangu, rudini nyumbani!”